Mkalimani wa Jumamosi

Televisheni ya kwanza niliyoiona maishani mwangu ilikuwa imefungwa mezani kwa waya ili isianguke. Ilikuwa ya fundi redio aliyenipangisha chumba Bukoba mjini nilipokuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Siku hizo huku bara hatukuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Picha tulizoziona zilitoka Uganda. Zilivuka mpaka bila kumwomba mtu kibali, zikanaswa na antena ambayo fundi aliiunda kwa vipande vya mabomba na kuipandisha juu ya mkaratusi mrefu nyuma ya nyumba. Mtaa mzima uliiona ile antena. Watoto waliitumia kuelekezana njia. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye walisema ilikuwa imefichwa.

Fundi alikuwa Mwislamu. Babu yake alitoka pwani na wafanyabiashara, akaoa Mhaya, akabaki. Mkewe alikuwa mtu wa Nshamba, aliyesilimu alipoolewa. Hawakuwa na mtoto aliye hai. Mimi nilitoka Rubya, kwa Wakatoliki wa migomba na kahawa, na mama yangu aliposikia napanga kwa Waislamu alinipa rozari ya pili, kana kwamba ile ya kwanza ingechoka. Haikuchukua muda mke wa fundi akawa ananiita mwanangu, nami namwita Mama, na mumewe namwita Baba. Nikirudi shuleni nilikuta chakula kimefunikwa kwa jani la mgomba. Kama kodi ilichelewa hakuna aliyeuliza.

Televisheni yenyewe iliachwa na Mzungu mmoja mnunuzi wa kahawa, imeungua, alipofungasha kuondoka baada ya uhuru. Fundi aliifungua, akaisoma ndani kama mtu anavyosoma Msahafu, akaiponya. Siku za mvua ilileta chenga tupu. Siku za anga safi ilileta watu, na watu wale walituvuta sisi. Kila Jumamosi jioni majirani walikuja na vigoda vyao, Mama akakaanga senene, wale panzi wa kwetu, kama ni msimu wake, au akatoa kahawa za kutafuna, tukakaa.

Kulikuwa na mchezo mmoja wa mfululizo, wa Kiingereza, uliotushika wote. Watu walikuwa wameihama dunia iliyokauka, wakawa wanaishi ndani ya chombo kikubwa angani, wakitafuta sayari yenye maji. Nyuma yao kulikuwa na adui aliyetaka kuwamaliza. Na humo ndani, mtu aliyekabidhiwa kazi ya kugawa maji, mpole, kipenzi cha watoto, alikuwa jasusi wa adui. Sisi watazamaji tulijua. Wenzake hawakujua. Kila wiki, kabla mchezo haujaisha, alijifungia ghalani, akafungua kifuniko cha tangi, akanong'ona ndani yake, na sauti ya adui ikamjibu.

Lakini hakueleweka. Wiki hii aliwaonyesha adui njia ya chombo, wiki ijayo aliwadanganya. Aliwahi kuficha dawa ya kapteni, kisha akakesha akimwuguza kapteni huyo huyo. Sisi tulibishana hadi Jumamosi nyingine: moyo wa mtu huyu uko wapi? Mshona viatu wa jirani alisema yuko na adui na huruma yake ni ya kuwapumbaza. Mama alisema hivyo hivyo kwa maneno machache zaidi. "Anakula nao," alisema. "Basi."

Aliyetufanya tuelewe yote hayo alikuwa bwana shamba mmoja, ofisa wa kahawa, kijana mwenye pikipiki. Kwao kulikuwa si mbali na kwetu, alikuwa amesoma seminari akaacha kabla ya upadri, na Kiingereza chake kilikuwa safi. Mimi nilikielewa Kiingereza cha kitabuni. Kile cha kwenye televisheni, kilichosemwa haraka na kukatwa na chenga, kilinipita. Yeye alisimama kando ya meza, mkono mmoja juu ya sanduku, akatafsiri. Kwa Kiswahili kwanza, na pale jambo lilipouma, kwa Kihaya. Jasusi aliponong'ona, naye alinong'ona. Kapteni alipomlilia mkewe, bwana shamba alilia kidogo. Chombo kile alikiita "mtumbwi wa mbinguni," na watu wazima walichekea jina hilo kwa furaha ya kitoto.

Nilimpenda. Sitalizunguka neno hilo. Aliniita dada kwa heshima ya watu wa kwetu, baadaye akaacha kuniita dada, na kabla ya mwaka kuisha alikuwa ameshapeleka rubisi, pombe ya ndizi ya kuposea, kwa baba yangu Rubya, vibuyu vilivyofungwa vizuri, pamoja na mjomba wake wa kusema maneno.

Jumamosi moja ilinyesha mvua ya Bukoba, ile isiyo na haraka, na majirani hawakuja. Tulikuwa watu wanne: Baba, Mama, bwana shamba na mimi. Picha ilikuwa mbaya lakini ilionekana. Kapteni alikuwa anawahamisha watu kutoka vyumba walivyovizoea kwenda vyumba vipya alivyowapangia, kwa faida ya wote, na mzee mmoja alikumbatia mlango wake akakataa kutoka.

Baba alicheka hadi akakohoa. "Kumbe hata angani kuna vijiji vya ujamaa," alisema. "Lori limeshafika, au bado wanalisubiri?"

"Mzee, wewe utatufungisha," bwana shamba alisema, naye anacheka, anajipangusa macho.

"Nani atanifungisha? Mko watatu. Labda tuulizane hapa mtaani kwetu mtunza maji ni nani. Hawezi kukosekana."

"Akiwepo," bwana shamba alijibu, "msimhukumu haraka. Mtu anaweza kuwa na amri juu yake akaitii nusu. Ile nusu nyingine anawatunzia ninyi."

"Nusu haitoshi," Mama alisema, akaenda kutazama chungu.

Niliyachukua maneno yale kama maongezi ya mchezo. Nani asingeyachukua hivyo?

Halafu Uganda ikapinduliwa na jeshi, na mpaka ukawa jambo la kunong'onezwa. Watu waliokuwa wakienda Masaka kutembelea shangazi zao waliacha. Mikutano ikaongezeka, tukaambiwa tuwe macho, tutazame wageni, tutazame hata wenyeji. Baba aliendelea kuwasha televisheni yake Jumamosi. Mshona viatu alimshauri aishushe ile antena. "Naangalia mchezo," Baba alisema. "Wakitaka waje wakae, viti vipo."

Watu wa usalama walikuja asubuhi, jua limeshatoka, kwa Landrova. Walikuwa wapole wa kutisha. Mmoja alitazama juu ya mkaratusi akauliza, "Hii inatuma wapi?"

"Haitumi," Baba alisema. "Inapokea tu."

"Kinachopokea kinatuma."

"Bwana mkubwa, sikio linapokea. Linatuma nini?"

Hilo nalo waliliandika kichwani kama ujeuri. Walichukua televisheni na waya wake, wakachukua redio za wateja zilizokuwa dukani, wakamchukua yeye akiwa na kanzu na ndala. Mkaratusi waliukata. Uliangukia kibanda cha kuku wa jirani, na hakuna aliyemwomba jirani radhi. Mtaa wote ulisimama milangoni ukitazama, watu wale wale waliokalia vigoda sebuleni mwake, na hakuna aliyesema, "Na mimi nilikuwa natazama." Mimi nilisema. Nilimwambia aliyekuwa na kofia kwamba sote tulikuwa tunatazama mchezo. Aliniambia, "Mwalimu, zamu yako itafika," kama anavyoambiwa mgonjwa kwenye benchi la hospitali.

Ilifika. Niliitwa ofisini kwao katikati ya kipindi, chaki mkononi. Aliyenihoji alikuwa kijana wa rika langu, mwenye sauti ya chini, akaniletea chai yenye sukari nyingi. Aliuliza kuhusu wageni, kuhusu barua, kuhusu kahawa inayovushwa kwa magendo. Nikajibu kwamba sijui, na kweli sikujua. Halafu akaegemea nyuma ya kiti.

"Nani alisema hata angani kuna vijiji vya ujamaa," aliuliza, "na akauliza kama lori limeshafika?"

 Chai ilikuwa mdomoni na nilisahau kuimeza. Jioni ile ya mvua tulikuwa wanne. Mmoja alikuwa ndani ya jengo lile lile, nyuma ya mlango nisioujua. Mmoja alikuwa nyumbani anamchemshia ndizi ambazo wasingempelekea. Mmoja alikuwa mimi. Sikuhitaji kusomea ualimu kuhesabu waliobaki.

"Ulikuwa mzaha," nilisema.

"Tunajua ulikuwa mzaha," alisema yule kijana. "Tunataka kujua nani alicheka."

Waliniachia jioni hiyo hiyo. Sidhani walinitaka; walitaka niogope tu. Nilirudi kwa miguu kupitia ufukoni, na sikuwa naogopa. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kabla, hasira yenye ladha, kama mtu aliyeuma sarafu ya shaba.

Bwana shamba alikuja siku ya pili, kama alivyokuwa amekuja kila siku tangu Baba achukuliwe. Alimletea Mama sukari na sabuni za mche, vitu ambavyo madukani vilikuwa vimeadimika. Alikaa kwenye kiti cha Baba. Mama alimshukuru kwa mikono miwili, kwa goti, kama desturi. Nilingoja amalize kunywa chai, nikamfuata hadi kwenye pikipiki.

"Ni wewe," nilimwambia.

Alitazama dirishani kwa Mama. Hakukataa. Ningempa heshima kidogo kwa hilo, lakini nadhani alijua kukataa kusingefaa kitu. "Ongea polepole," alisema.

"Ni wewe uliyewapa lile neno la lori."

"Walinitaka tangu nilipoanza kazi. Nisingeweza kusema hapana. Na kama si mimi angekuwa mwingine, na huyo mwingine angesema mabaya zaidi. Niliwapa mzaha tu, waone kwamba ni mzee wa mizaha. Nilikuwa nampunguzia."

"Amepungua kweli. Hayupo."

"Atatoka. Nasema mazuri juu yake pia. Sikiliza, mimi niko upande wenu. Kule ndani, mtu pekee aliye upande wenu ni mimi."

"Ulikuwa upande wetu Jumamosi," nilisema. "Jumatatu ulikuwa upande gani?"

Alianza kunieleza, na alieleza vizuri, kwa sauti ile ile aliyotafsiria, laini, yenye vituo mahali pake. Hapo ndipo nilipoichukia sauti hiyo. Nilirudi ndani, nikauchukua mfuko wa sukari mezani, nikatoka nao, nikaumwaga matopeni mbele ya tairi lake. Aliwasha pikipiki akaondoka akiikanyaga sukari ile.

Mama alinifokea. Sukari haikuwa na kosa, alisema, na yeye alikuwa na mume wa kumtunzia chai. Nikamwambia kwa nini. Alikaa chini kwenye mkeka, akavuta ukili wa mkeka ule hadi ukakatika. "Nilimpa kiti cha mume wangu," alisema mwishowe. 

Nilipanda basi kwenda Rubya kumwambia baba yangu avirudishe vile vibuyu. Nilidhani atakasirika pamoja nami. Baba yangu alikuwa mtu wa haki. Aliwahi kugombana na ndugu yake kwa ajili ya mpaka wa kibanja cha migomba cha mjane asiye hata jamaa yake. Alinisikiliza, akatazama kahawa yake iliyoanikwa uani, akashusha sauti katika nyumba yake mwenyewe.

"Mtu wa namna hiyo hakataliwi ovyo," alisema. "Yeye ndiye anayepanga daraja la kahawa yetu. Mwambie unataka kusoma zaidi."

"Tata, amemfunga mtu aliyenilisha."

"Nimesikia. Na mimi nina watoto wengine wa kulisha."

Mwishowe vibuyu vilirudishwa kwa maelezo kwamba nimeitwa na Mungu, nataka kuwa sista. Mama yangu alifurahi kwa wiki nzima kabla hajaambiwa kwamba ni uongo. Watu wakicheka nikisimulia hapo, na mimi nacheka. Lakini siku ile nililia ndani ya basi, na haikuwa huzuni. Baba yangu alikuwa ameogopa mtu aliyekuwa akinywa rubisi miguuni pake, na mimi nilikuwa nimemwona akiogopa.

Baba Fundi alitoka baada ya zaidi ya mwaka. Hakushtakiwa kamwe. Sikio moja lilikuwa halisikii tena na hakusema lilifanywa nini. Aliamriwa asikae mjini, karibu na mpaka, kwa hiyo Mama aliuza vilivyobaki wakahamia kibanja cha kaka yake Nshamba. Mtu aliyezaliwa mjini, aliyeweza kusikia ugonjwa wa redio kutoka barabarani, akawa mzee wa kufukuza nyani. Hakujua kutofautisha mgomba wa kupika na wa pombe. Wanakijiji walimcheka bila ubaya, wakamfundisha. Walipomletea redio zilizoharibika alizirudisha bila kuzifungua.

Nilikwenda kumwona wakati wa likizo. Alikuwa amekaa chini ya ukingo wa nyumba akimenya maharage, na Mama alikuwa shambani. Nilimwambia yote niliyoyajua kuhusu bwana shamba, kwa sauti kubwa kwa ajili ya lile sikio. Alikuwa anayajua. Aliyajua tangu siku ya kwanza ya kuhojiwa, kama nilivyoyajua mimi.

"Mwache," alisema.

"Baba, siwezi."

"Alikuwa anatafsiri vizuri," alisema. Akaokota maharage yaliyomponyoka. "Tangu wakati ule sijamsikia mtu anayetafsiri kama yule."

Nilisimama nikaenda kumsaidia Mama, kwa sababu ningebaki pale ningesema neno ambalo mtoto hamwambii mzazi. Walikuwa wamemchukulia nyumba, duka na sikio, na alichokuwa anakitamani ni sauti ya mtu yule kando ya meza. Sijui kama huko ndiko kusamehe. Kama ndiko, basi lilikuwa jambo lingine walilomlazimisha.

Miaka ya operesheni ya vijiji nilihamishiwa Ngenge. Ni upande mkavu wa Muleba, mbali na migomba mizito ya kwetu, na watu waliletwa pale kwa malori kutoka huku na huku wakaonyeshwa viwanja vilivyopimwa kwa kamba. Shule ilikuwa ya miti na nyasi. Sikuwa na ugomvi na ujamaa wenyewe. Niliupenda, niliufundisha, na watoto wa Ngenge walisoma kwa sababu yake. Nataka hili lieleweke, maana waliokuwa wakitisha watu walipenda kusema kwamba anayewachukia wao anauchukia ujamaa.

Tulitangaziwa kwamba kiongozi atatoka wilayani kuzungumza na wananchi. Watoto waandaliwe, waimbe. Tuliwaandaa. Asubuhi ile gari lilifika, mlango ukafunguka, akashuka yeye. Alikuwa amenenepa. Alikuwa na suti ya mikono mifupi na kalamu mfukoni, na alisalimia wazee kwa Kihaya kizuri, "waitu" ya heshima kwa kila mmoja, akiwashika mikono kwa miwili. Wazee walimpenda papo hapo. Nilikumbuka jinsi ilivyokuwa rahisi.

Niliwageukia wanafunzi wangu waliokuwa wamepangwa mstarini.

"Rudini darasani," niliwaambia.

Mwalimu mwenzangu alidhani sikumwona mgeni. "Ndio wamefika," alininong'oneza.

"Nimeona. Watoto hawaimbi."

Waliingia darasani. Mkutano ukaanza bila wimbo, na mwenyekiti wa kijiji akatoa udhuru kwamba watoto wana mafua. Bwana shamba wa zamani alizungumza kuhusu pamba na mshikamano. Alipomaliza alikuja peke yake hadi mlangoni kwa darasa langu.

"Ungeweza kunitukana mimi," alisema. "Kwa nini unawaponza watoto?"

"Watoto wana mafua."

Alitabasamu kidogo. Akasema alikutana na Mganda mmoja mkimbizi aliyeutazama ule mchezo hadi mwisho, nami nikitaka ataniambia mtunza maji alikuwa upande gani.

"Usiniambie," nilisema. "Wewe utauweka mwisho unaokufaa."

"Mzee alitolewa kwa sababu yangu. Unalijua hilo? Mimi ndiye niliyewaomba."

Labda ni kweli. Nimeligeuza neno hilo miaka mingi. Labda aliomba kweli, labda bila yeye Baba angefia mle ndani. Lakini aliyemtoa ndiye aliyemtia, na alisimama pale akingoja nimshukuru kwa kumfunua kobe aliyemfunika yeye mwenyewe.

"Ulimwambia mwenyewe?" nilimwuliza. "Amekaa Nshamba, anamenya maharage. Ulikwenda ukamwambia, mzee, ni mimi niliyekutia, na ni mimi niliyekutoa?"

Aliinyoosha kalamu mfukoni. Watoto wote walikuwa wanatusikiliza.

"Nenda kwanza," nilisema, "halafu uje tuzungumze habari za pande."

Hakwenda. Najua, kwa sababu Mama angeniambia. Muhula haukuisha kabla sijahamishwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba sina moyo wa kujenga taifa. Walinipeleka shule ya kisiwani, ziwani, ambako mtumbwi ulileta posta ukikumbuka. Nilifundisha huko hadi nilipoolewa na mtu mwingine kabisa. Baba Fundi alifariki nikiwa kisiwani, na habari ilinifikia ameshazikwa. Nilipofika Nshamba nilimkuta Mama amekaa eda, mwembamba, kaniki begani. Alitaka nimsimulie tena habari ya Ngenge, kwa sababu alikuwa ameisikia kwa watu na hakuamini.

Nilimsimulia. Aliniuliza kama nilipata shida. Nikasema ndiyo, nilipata. Akauliza kama watoto wangu wa shule walipata shida. Nikasema hapana, tulifunga mlango tukaendelea na hesabu.

"Vizuri," alisema, akanitengea chakula.